Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, na saa za watu kutoka kazini zilizidi kuwa nyembamba. Chini palikuwa na duka la simu lililopiga muziki hata kama halina mteja, katikati ofisi ya bima, na juu kabisa shule ya lugha ya chumba kimoja, madirisha mawili na viti vya plastiki. Mshonaji alikuwa akizipanda mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni na sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni, kwa sababu Mwalimu hakuwa na simile na wachelewaji. Kwenye kona ya pili akapigana kikumbo na kijana mrefu. Mkoba ukamponyoka, na bobini za uzi zikabingirika ngazi kwa ngazi hadi mlangoni kwa watu wa bima.

Wapita njia walizikanyaga, wengine wakaziruka. Kijana aliinama, akaziokota moja moja bila kununa, akamrudishia. Mwanamke mwingine angemtazama usoni, maana sura ilikuwapo na haikuwa ya kutupwa. Mshonaji alitazama shati. Lilikuwa la rangi ya samawati, pamba nzuri, kola imekaa sawasawa, lakini mahali pa kifungo cha pili kutoka juu pamebanwa kwa pini ya stepla. Alishtuka hadi akaweka mkono mdomoni.

"Kaka, hilo shati limekukosea nini?"

"Kifungo kilianguka asubuhi, dada. Kikaingia miguuni mwa watu. Nikaona aibu kukikimbiza."

"Ukaona afadhali kujipiga stepla kifuani."

"Ndiyo iliyokuwa mezani," akasema kijana, na akacheka kwa sauti nzito, laini, iliyomfanya Mshonaji asahau kidogo kwamba amechelewa.

Kumbe walikuwa wanakwenda mahali pamoja. Kijana alikuwa mpwa wa Mwalimu, na alikuja kumletea mjomba wake miwani aliyoisahau nyumbani. Mlangoni Mwalimu alimvuta kando, wakanong'onezana kidogo, kijana akakuna kichwa, halafu akaja kukaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu pembeni ya Mshonaji. Wanafunzi wote walijifunza wawili wawili, na yeye Mshonaji alikuwa amebaki peke yake tangu mwenzake ahamie mji mwingine. Sasa amepata mwenzake, na mwenzake ana stepla kifuani.

Somo la jioni ile lilihusu namna Waingereza wanavyousema wakati unaopita. Mwalimu aliyaandika maneno ubaoni jozi jozi, akayafafanua kwa mikono na miguu. Kwa Waingereza, alisema, wakati una mabawa, unaruka. Ukiwa na huzuni, wakati huohuo unaburuta miguu. Unatumiwa, unapotezwa, unaokolewa, unakwisha mtu akiwa bado anauhitaji. Na mtu asiye na la kufanya anauua.

"Wanauua," Mshonaji alimnong'oneza jirani yake. "Wewe umesikia? Wakati wa watu umewafanya nini mpaka wauue?"

Jirani yake alikohoa kuzuia kicheko. Walipoambiwa watunge sentensi, alitunga yake kwa shida kubwa, akikwama, akirudi nyuma, akimtazama Mshonaji kama anayeomba msaada. Mshonaji, ambaye kwa miezi alikuwa ndiye anayekwama kuliko wote, alijikuta anamsaidia. Alirudi nyumbani akijiona mrefu zaidi. Kabla hawajaachana alikuwa ameshamvua ile stepla na kumshonea kifungo papo hapo ngazini, akakata uzi kwa meno karibu na kifua chake, na wote wawili wakawa hawajui watazame wapi.

Tangu siku hiyo alimwita Kifungo. Naye akamwita Sindano.

Kifungo hakukosa somo hata moja. Alisema anafanya kazi stesheni ya treni, kazi ya ofisi tu, ya kukaa, na hakuielezea zaidi. Mshonaji hakumchimba. Yeye kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha kushona sare, mitaa mingi kutoka stesheni, na hakuwa na sababu ya kupanda treni. Baada ya somo walikunywa chai kwenye kibanda cha chini ya jengo, huku muziki wa duka la simu ukiwalazimisha kusogeleana ili wasikilizane. Wakati ukawa unaruka kama walivyofundishwa. Wakiagana, uliburuta miguu mpaka simu ilipolia.

"Sindano, unafanya nini?"

"Naua wakati."

"Polisi wanakuja."

"Waje. Nitawaambia ulinituma wewe, mpenzi, maana ungepiga mapema, wakati usingeuawa."

Maneno ya ubaoni yaligeuka kuwa lugha yao ya siri. Akichelewa, mmoja alishtakiwa kwa wizi wa wakati. Siku za mapumziko walisema wanaukomboa ule uliopotea. Walicheka kwa mambo ambayo mtu wa tatu asingeona kinachochekesha, na hapo ndipo watu hujua kwamba wamekwisha kupendana.

Siku moja, chai ikiwa imepoa mbele yao, Mshonaji alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Kiwandani kwao waliwahi kufika wageni, na mkubwa wake akamwita aeleze kwa Kiingereza namna wanavyokata kitambaa. Alieleza. Alikosea kila mahali, mkubwa akacheka mbele ya wageni, na wenzake wakamwigiza kwa muda mrefu, kila asubuhi, tangu anapotundika mkoba hadi anapokaa kwenye cherehani. Ndiyo maana alikuja kujifunza. Alitaka siku moja afungue mdomo bila kuogopa kichekesho kinachotoka humo.

Kifungo alimshika mkono. Akamwambia kwamba na yeye yalimpata. Aliwahi kumsalimia bosi wake kwa Kiingereza, akasema upuuzi, ofisi nzima ikaangua kicheko, na hadi leo kuna anayemkumbusha. Mshonaji alilia pale pale, machozi ya mtu aliyetua mzigo, kwa sababu hatimaye amempata wa kukosea naye.

Jioni hiyo Kifungo aliomba kitu chochote kutoka mezani pake pa kazi, akiweke ofisini kimkumbushe. Mshonaji alimpa kipande cha chuma, kidogo kwa umbo lakini kizito, ambacho washonaji hukandamizia kitambaa kisiteleze wakati wa kukata. Kifungo alikipokea kwa mikono miwili kama aliyepewa dhahabu, akaenda nacho kazini.

Kisha ikaja habari ya hoteli. Hoteli kubwa katika mji mwingine ilitafuta msimamizi wa chumba cha kushonea, na mahojiano yalikuwa kwa Kiingereza. Mshonaji aliomba. Kila jioni Kifungo alijifanya meneja wa hoteli kwenye simu, akimwuliza maswali kwa Kiingereza chake cha kukwama, naye akijibu kwa chake. Walikwama pamoja, wakacheka pamoja, wakaendelea. Sijui kama kuna ushonaji uliowahi kuwaunganisha watu wawili zaidi ya makosa yale.

Siku chache kabla ya mahojiano, shangazi yake Mshonaji alikuja kumtembelea kwa treni. Ni shangazi huyo aliyemlea, mwanamke wa sauti kubwa na mapenzi makubwa, anayepiga simu bila kujali uko wapi. Mshonaji alikwenda stesheni kumpokea, akiwa amevaa gauni la njano la mikono mifupi alilolimaliza asubuhi ileile. Alikuwa na mpango wa pili pia: kumtafuta Kifungo kwenye ofisi yake, amfunike macho kwa nyuma.

Stesheni ilikuwa imefurika. Wachukuzi walipita na mizigo kichwani, watoto walilia, mabehewa yaligongana kwenye njia ya pembeni. Spika zilizofungwa juu ya nguzo zikalia kengele, tangazo la Kiswahili likaanza na honi ya treni ikalimeza lote. Mshonaji hakusikia neno. Kisha likafuata la Kiingereza, na hapo honi ilikuwa imenyamaza.

Alisikia kila kitu. Treni kutoka kusini imechelewa, abiria wanaombwa radhi kwa wakati wao uliopotea, dereva anajitahidi kuufidia. Alisikia na akaelewa, sentensi baada ya sentensi, bila kutafsiri kichwani, na furaha ikampanda hadi akataka kumshika mtu wa karibu amwambie. Zile jozi za ubaoni zilikuwa zinapita hewani juu ya kichwa chake na yeye anazitambua moja moja. Alitabasamu peke yake katikati ya umati.

Tabasamu lilikuwa bado lipo alipoitambua sauti.

Nzito, laini. Haikukwama popote. Ilikwenda kwenye Kiingereza kile kama mtu anayetembea sebuleni kwake gizani na hajikwai kwenye kiti. Mshonaji alimfuata mkata tiketi, akamwuliza ni nani anayesema humo.

"Huyo? Huyo ndiye sauti yetu, dada. Zamani alikuwa mkalimani kwenye mikutano ya wakubwa. Kiingereza kwake ni maji."

Shangazi alishuka kwenye treni akiwa ameshafungua mikono ya kukumbatia, akamkuta mtoto wa kaka yake amesimama mkavu, macho hayapepesi. Aliuliza nani amekufa. Mshonaji alijibu kwamba hakuna, twende nyumbani.

Kifungo alipiga simu jioni kama kawaida.

"Sindano wangu, meneja wa hoteli anauliza—"

"Tafadhali uliza kwa Kiingereza cha stesheni," Mshonaji akamkata.

"Nilikuwa nitakwambia," Kifungo akasema.

"Lini? Nilikosea mbele yako kila jioni. Nilijiachia kwa sababu nilidhani tuko wawili. Kumbe mimi nakosea na wewe unaigiza." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kifungo. "Kiwandani walikuwa wananiigiza asubuhi. Wewe uliniigiza jioni."

"Sikukucheka hata siku moja. Nakuapia."

"Na ile habari ya bosi wako na ofisi nzima kucheka?"

Angeweza kudanganya tena. Tumpe haki yake, hakudanganya.

"Niliitunga," alisema.

Mshonaji alikata simu, kisha akaizuia namba. Shangazi, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi akijifanya amelala, alijifanya zaidi.

Mwalimu alifika kiwandani mwenyewe, kofia mkononi, akasimama kati ya mashine kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alikiri kwamba kosa lilianzia kwake. Alikuwa na kanuni ya darasani kwamba mtu asikae na mwenzake anayemzidi, maana anayezidiwa huogopa, na anayeogopa hafungui mdomo. Jioni ile hakuwa na mtu wa kumpa Mshonaji, akamnong'oneza mpwa wake akae naye kwa siku moja tu na asionyeshe anachojua. Kesho yake mpwa alirudi. Mwalimu alimwuliza anatafuta nini, naye akajibu kwamba anatafuta kiti chake. Mzee akaona mapenzi, akafumba macho.

Mshonaji alimsikiliza hadi mwisho, huku akiendelea kushona. Alimwambia Mwalimu kwamba amemsamehe, kwa sababu yeye aliagiza siku moja. Zile nyingine zote Kifungo alizichagua mwenyewe. Mwalimu alivaa kofia yake akaondoka.

Kwenye mahojiano alikosea. Alikosea mwanzo, akakosea katikati, na wale watu watatu waliokaa mbele yake wakasubiri tu amalize sentensi, kisha wakauliza swali linalofuata. Hakuna aliyecheka. Kazi wakampa. Alipotoka nje, mkono wake ulishika simu kabla akili haijaukataza, ukatafuta namba aliyoizuia, na hapo ndipo alipojua jinsi anavyoumia. Alikaa kwenye ukingo wa barabara na bahasha ya hoteli mapajani, akalia kwa habari njema.

Siku ya safari alivaa gauni la kijani kibichi, kola nyeupe, kiuno kimebanwa vizuri. Alilishona kwa ajili ya kuanza maisha na alilishona kwa hasira. Shangazi, aliyebaki muda wote ili amsindikize hadi kwenye kazi mpya, alivaa la rangi ya machungwa lenye mabega yaliyosimama, lionekane tangu mbali. Walifika stesheni mapema. Treni ilikuwa imesimama lakini milango imefungwa, abiria wamejazana mbele ya mabehewa, na injini ilikuwa na hitilafu ndogo ambayo mafundi walikuwa wakiihangaikia.

Kengele ya spika ikalia. Sauti ile ikaanza kueleza, taratibu, sababu za kuchelewa. Mshonaji alikuwa amejiandaa kuisikia. Alijiandaa bure, maana ilimpiga vilevile. Alitazama juu na kuona, juu ya ukumbi wa tiketi, chumba chenye dirisha pana la kioo na kivuli cha mtu mrefu ndani yake.

"Shangazi, nishikie mkoba mkubwa. Narudi."

"Treni ikiondoka?"

"Mwenye kuiondoa ndiye ninayekwenda kumwona."

Kule juu, Kifungo alikuwa na tangazo refu la kusoma. Maiki yake ilikuwa ya zamani, ya swichi inayotaka kukandamizwa muda wote unaposema, ukiiachia inazima. Matangazo marefu yalimchosha kidole. Kwa hiyo tangu alipopata zawadi ya Sindano, alikuwa na utaratibu wake: akianza kusoma, anaweka kile chuma juu ya swichi, akimaliza, anakiondoa. Kazi mbili kwa pamoja, maana swichi inakaa na yeye anakitazama. Alikuwa amefika katikati ya Kiingereza mlango ulipofunguka.

Karatasi ilimtoka mkononi. Alisimama, akagonga goti kwenye meza, akasahau tangazo, akasahau abiria, akasahau chuma.

"Sindano."

"Usiniite hivyo. Nimekuja kusema, halafu nakwenda." Alifunga mlango nyuma yake. "Na nitasema kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho ulichoninyima."

Akasema. Kilimtoka Kiingereza ambacho hata yeye hakujua anacho, cha hasira, cha haraka, vitenzi vimekaa vibaya na wakati uliopita umechanganyika na ujao, lakini hakuna mtu ambaye asingeelewa. Alimwambia kwamba wamepoteza wakati. Kwamba jioni zote zile alidhani wanazitumia pamoja, kumbe mmoja anazitumia na mwingine anazitazama. Kwamba wakati ukiuawa haufufuki, na aliyeuua wakati wao ni yeye. Alipofika mwisho pumzi ilikuwa imemwishia, na mashavu yamelowa.

Kifungo hakusogea. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili.

"Ni kweli. Sina la kujitetea. Ila kuna kitu kimoja sikukitunga, nikuambie hicho." Alishika ukingo wa meza. "Kazi yangu ni kusema na watu wasionijibu. Mchana kutwa. Nasema, wanainua vichwa, wanabeba mizigo, wanakwenda. Narudi nyumbani nimesema na maelfu na sijaongea na mtu. Jioni ile ngazini uliniuliza shati langu limenikosea nini. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza kitu na kusubiri jibu."

"Ungenijibu ukweli, basi."

"Siku ya kwanza ningeweza. Ya pili nikasema kesho. Muda ulivyokwenda, na uongo ukanenepa, nikaogopa ukiniona ninajua utanyamaza kama unavyonyamaza kwa wengine. Nikakosa ujasiri. Wewe ulikosea Kiingereza, Sindano, na mimi nikakukosea wewe. La kwangu ndilo kosa."

Mshonaji alifuta uso kwa kiganja. Alitaka kuondoka, na miguu yake ilikuwa na maoni tofauti.

"Nenda kwenye kazi yako," Kifungo akaendelea. "Umeipata kwa mdomo wako mwenyewe, na sikuzuii hata hatua moja. Lakini nataka kukuoa. Nilitaka kabla ya yote haya, na nataka hata kama jibu ni hapana. Basi, nimesema."

Simu ya Mshonaji ililia. Alikuwa shangazi. Aliipokea bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka.

"Mwanangu," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ananong'ona. "Mnasikika."

"Nani anasikika?"

"Nyinyi. Huku chini. Mpaka chooni mnasikika, mama mmoja ametoka mbio kuja kusikiliza vizuri. Hicho Kiingereza chako sijaelewa hata neno, ila nimeelewa. Sasa watu wananiuliza mimi utamjibu nini."

Mshonaji aligeuka polepole kwenye kioo. Chini yake stesheni nzima ilikuwa imesimama. Wachukuzi walikuwa na mizigo kichwani na hawaendi popote. Mkata tiketi ametoka kwenye dirisha lake. Mafundi wa injini wameacha spana, nyuso juu. Mamia ya watu walikuwa wanamtazama yeye, katika gauni la kijani, na katikati yao doa la rangi ya machungwa limeinua mkono na simu.

Kifungo naye aliona. Akatazama meza. Chuma kilikuwa kimekaa juu ya swichi, kimetulia, kinafanya kazi yake.

"Mungu wangu," alisema, na stesheni nzima ikamsikia akisema.

Alinyoosha mkono akiondoe. Mshonaji akaudaka.

Kila kosa alilolifanya lilikuwa limepigwa na spika zote, kwenye kila jukwaa, mbele ya watu wengi kuliko wote aliowahi kuwaogopa. Jambo lililomkosesha usingizi kwa miaka limempata lote kwa mara moja. Alisubiri kicheko. Alikisubiri huku ameshika mkono wa Kifungo hadi vidole vikamwuma, na kicheko hakikuja. Walikuwa wanasubiri jibu, tena kwa adabu, kama wale watatu wa hotelini.

Alifungua mkoba wake mdogo, akatoa mkasi. Kifungo alirudi nyuma hatua moja.

"Tulia," akamwambia. Alishika shati lake, lile la samawati, akatafuta kifungo cha pili kutoka juu, kile alichokishona kwa mkono wake ngazini, akakikata. Halafu akainama kwenye maiki, akasema kwa Kiingereza, pole pole, akikosea mahali pawili na kusonga mbele, kwamba jibu lake ni ndiyo, lakini anaondoka na treni hii. Kwamba kifungo anacho yeye, na anayekitaka akifuate. Na kwamba asije akaua wakati huko njiani.

Wengi kule chini walikuwa wanasubiri tafsiri.

"Amekubali," akasema Kifungo kwa Kiswahili, sauti imempasuka.

Makelele yaliyotoka chini yalitikisa kioo. Mshonaji alikiinua kile chuma mwenyewe, swichi ikazima, na yaliyosemwa au kufanywa baada ya hapo ni ya kwao wawili, ingawa shangazi alidai baadaye kwamba kioo ni kioo na yeye ana macho.

Treni ilikuwa tayari. Mshonaji alishuka ngazi akikimbia, watu wakampisha njia, mama asiyemjua akamwekea kola vizuri alipopita. Aliingia behewani, akakaa dirishani karibu na shangazi yake, ngumi imefumbwa na kifungo kiko ndani. Milango ikafungwa. Honi ikalia, na magurudumu yakaanza kujivuta kutoka stesheni.

Kengele ya spika ikalia juu ya nguzo. Mtu ambaye hakuwahi kukosea tangazo tangu aajiriwe alivuta pumzi hewani, wote wakaisikia, kisha akawatangazia abiria kwa Kiswahili, na baadaye kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba treni hii sasa inaingia stesheni.

Behewa zima lilitazamana kwa mshangao. Nje, nguzo zilikuwa zinarudi nyuma kwa kasi. Mshonaji ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, na wengine wote wakamfuata.

"Huyo ndiye uliyesema anajua Kiingereza?" akauliza shangazi.

"Ndiye, shangazi," Mshonaji akajibu, akifunga kifungo kwenye kona ya leso. "Bado anajifunza."